UCHANGANUZI: Sheria ya matangazo ya barua pepe haijamsaza mwenye duka dogo

KATIKA mji wa Nyamache, Kaunti ya Kisii, nambari ya simu na anwani ya barua pepe ya mteja ni mali ya thamani. Mwenye duka la pembejeo anayewauzia mbolea wakulima wa majani chai, sawa na mwenye nyumba ya wageni, aweza kuwafikishia mamia ya watu tangazo kwa dakika chache. Wepesi huo, hata hivyo, usimsahaulishe swali la msingi: Je, wateja hao walikubali kupelekewa?

Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, imelijibu swali hilo. Sehemu yake ya 37 inakataza habari za kibinafsi kutumiwa kwa minajili ya biashara bila idhini ya wazi ya mwenyewe, ila pale ambapo sheria nyingine imeruhusu na mhusika akafahamishwa. Kanuni za mwaka wa 2021 nazo zinataka mpokeaji apewe njia rahisi ya kujiondoa, isiyo na malipo. Chimbuko la haya yote ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachomhakikishia kila mtu faragha yake.

Ni rahisi mfanyabiashara kupotoka hapa, kwani mengi ya mawaidha ya uuzaji yaliyosambaa kwenye intaneti hufuata sheria ya Marekani ya 2003, CAN-SPAM. Sheria hiyo humruhusu muuzaji kutuma matangazo hadi mpokeaji akatae, mradi aonyeshe anwani yake ya posta na kutekeleza ombi la kujiondoa katika siku 10 za kazi. Kenya imeshika njia nyingine: kimya cha mteja si idhini. Mgeni hupiga hodi na kungoja aitikiwe. Haingii ndani kwa ahadi kwamba atatoka akifukuzwa.

Dhana nyingine potovu ni kwamba sheria hii ni ya kampuni kubwa za Nairobi pekee. Ni kweli kwamba biashara yenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haishurutishwi kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa iwe katika sekta kama vile afya, elimu au huduma za fedha. Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Mteja aliyelipa kwa M-Pesa alitoa nambari yake ili malipo yakamilike. Hakuomba arafa za kila wiki, wala hakuruhusu orodha yenye jina lake iuzwe kwa mwenye duka jirani.

Adhabu nazo si za kutisha kwa maneno tu. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza Roma School Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera Lounge Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kesi hizo hazikuhusu barua pepe, ila kosa lilikuwa lile lile la kutotafuta idhini, na waliotozwa ni shule na klabu, si mashirika ya kimataifa. Faini ya juu kabisa ambayo kamishna aweza kutoza ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni cha chini.

Yamkini mwenye duka atalalamika kwamba hana wakili. Hata hivyo, kutii sheria hii hakuhitaji gharama kubwa. Mteja aulizwe waziwazi, jibu na tarehe viandikwe daftarini, na anayetaka kuondolewa aondolewe mara moja. Daftari hilo ni muhimu kwa sababu sheria imemtwika muuzaji, wala si mlalamishi, jukumu la kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa.

Serikali nayo ina wajibu wa kuifikisha elimu hii mashinani, kwa Kiswahili na Ekegusii, badala ya kungoja malalamishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa biashara ndogo, faini moja yatosha kuubomoa ukuta wenyewe.