Mshindi katangazwa, kura bado hazijahesabiwa!

Kazi za kikundi zilinibana ndio maana nilipotea. Leo nina jambo moja, na najua kuna watakaonirushia mawe: hii tabia ya televisheni za Marekani kumtangaza mshindi kabla kura hazijahesabiwa ni ovyo kabisa.

Jamaa zangu hapa kampasi wanasema ule ni utaalamu. Haya, tuutazame huo utaalamu usiku wa tarehe 7 Novemba 2000. Jimbo la Florida lina saa mbili tofauti. Upande wake wa magharibi uko nyuma kwa saa moja. Kabla ya saa mbili usiku, televisheni kubwa zikasema Al Gore kachukua Florida. Kule magharibi vituo vilikuwa bado wazi! Saa nne hivi wakafuta. Saa nane usiku Fox ikampa George W. Bush, wenzake wakafuata mkumbo dakika chache tu baadaye. Gore akampigia Bush kumpongeza, halafu akapiga tena kufuta pongezi. Kufika saa kumi alfajiri, wakafuta tena. Mwishoni tofauti ilikuwa kura 537 katika kura karibu milioni 6.

Walitoa wapi ujasiri? Wote walichota kisima kimoja, VNS, chombo chao cha pamoja kilichowahoji watu wakitoka kupiga kura kwenye vituo vya sampuli, kikachanganya na matokeo ya awali. AP nao walikuwa humo humo, lakini usiku ule walikataa kumtangaza Bush. Kumbe kusubiri kunawezekana!

Sisi wa ualimu tunalijua hili. Sahihisha karatasi tano kati ya mia halafu tangaza nani wa kwanza. Kama mmoja kawaacha wenzake mbali, utapatia. Wakikaribiana, umeumbuka.

"Lakini mara nyingi wanapatia." Sawa, mwaka 1980 walipatia. NBC ilimtangaza Reagan mapema, na Carter akakubali kushindwa wakati California bado wanapiga kura. Je, yule aliyekuwa kwenye foleni akisubiri kumchagua na mbunge wake, kwa nini asirudi nyumbani? Kwa hiyo hata wakipatia, wameshawavunja watu moyo.

Wengine hujitetea kwamba wanasema "anakadiriwa", hawasemi "ameshinda". Jamani, kama Gore mwenyewe aliamini mpaka akainua simu, mtu wa kawaida atatofautisha vipi? Na baada ya hapo, kwa wiki tano za mvutano, Bush alionekana mshindi anayecheleweshwa na Gore mtu asiyekubali kushindwa. Picha hiyo ilichorwa na televisheni, siyo na wapiga kura.

Wanachokimbilia ni kuwahi kabla ya jirani, basi. Wasubiri vituo vyote vifungwe, na pale penye ushindani waache kura zihesabiwe. Usiku mmoja bila mshindi hauui mtu.

Naomba kuwakilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, matusi abaki nayo.