Funika jina kwanza, ndipo utoe alama

KUNA watu duniani ambao kazi yao ni kuvuta siga na kuzitolea alama, kama mimi ninavyosahihisha insha. Siga ninayoisema hapa si sigara ya pakiti inayouzwa mojamoja kwenye vibanda vya Kobero na Mugina. Ni ile nene, iliyosokotwa kwa mkono, ya majani matupu bila karatasi, ambayo bei ya moja tu inaweza kumnunulia mtoto madaftari ya muhula.

Jarida la Kimarekani la Cigar Aficionado, lililoanzishwa mwaka 1992, lina utaratibu wake wa kuonja. Kila siga huvuliwa ile pete ya karatasi yenye jina la kiwanda, ikavishwa pete nyeupe yenye namba tu. Mwonjaji hajui ameitengeneza nani wala inauzwaje. Alama hutolewa kati ya 100: 15 za umbo na usokotaji, 25 za ladha, 25 za jinsi inavyoungua na kuvutika, na 35 za maoni ya jumla ya mwonjaji. Jina hufunuliwa baadaye, alama zikiwa zimekwisha kuandikwa.

Ndugu msomaji, unaweza kuniuliza mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini kwenye mambo ya matajiri. Mimi nimekulia kwenye tumbaku. Sisi tuliozaliwa katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972 kule Tanzania, iwe Ulyankulu, Katumba au Mishamo, wengi wetu tulinunuliwa sare za shule kwa fedha ya jani hilo. Najua jani linavyopewa daraja mwanzoni mwa safari yake, na sasa nimejua linavyopewa daraja mwishoni, likiwa moshi. Nionavyo, mwishoni kuna uungwana ambao mwanzoni haupo.

Chukua siga laini, yenye jani la juu jepesi la rangi ya chai ya maziwa. Nimeichagua hiyo kwa sababu ndiyo inayoonewa zaidi na macho.

Siga ina sehemu tatu. Ndani kuna majani yaliyokunjwa kwa urefu, ambayo ndiyo yanayobeba nguvu. Yanazungushiwa jani la kufungia. Mwisho huvalishwa jani la juu, ambalo jicho huliona na midomo huligusa. Jani jeupe maarufu la kuvalishia hutoka bonde la mto Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kuanzia mwaka 1900 wakulima wa huko walianza kufunika mashamba kwa mahema ya kitambaa chepesi, ili jua lisilipige jani moja kwa moja. Chini ya kivuli hicho jani huwa pana, jembamba, na mishipa yake haijitokezi. Huchumwa kwa mkono kuanzia chini ya mche, likatungwa na kuning'inizwa ghalani. Ni kazi ya mikono mingi, na mara nyingi mikono hiyo imekuwa ya watu waliotoka mbali: wa visiwa vya Karibiani, na wanafunzi weusi kutoka majimbo ya kusini. Mmoja wao alikuwa Martin Luther King Jr., aliyefanya kazi kwenye shamba la tumbaku huko Simsbury kiangazi cha mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 15, akitafuta fedha za masomo. Kumbe si sisi tu tuliosomeshwa na tumbaku mbali na nyumbani.

Siku hizi mbegu hiyohiyo hulimwa pia Ecuador, ambako mawingu hufanya kazi ya hema bila malipo. Jani lake huitwa Connecticut ya Ecuador, na hakuna anayeliita la bandia. Nitalirudia jambo hili.

Sasa tuje kwenye udanganyifu wa rangi. Watu wengi wakiona jani jeusi hudhani siga ni kali. Wakiona jeupe hudhani ni ya kujifunzia, ya mtu asiyejua kuvuta. La hasha. Ukali hutoka zaidi kwenye majani ya ndani, na hasa kwenye sehemu ya mche ambako jani limechumwa. Majani ya kileleni hupata jua zaidi, yakawa mazito na makali. Ya chini huwa mepesi. Mtoto yeyote aliyewahi kubeba tumbaku kutoka shambani kwenda kwenye bani analijua hilo bila kufundishwa na jarida.

Na laini si salama. Ulaini ni habari ya ulimi tu. Moshi wa siga, hata usipomezwa, huleta saratani ya kinywa na ya koo, na siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Wanafunzi wangu wanaosoma gazeti hili wasije wakasema Mwalimu amewaruhusu.

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye shule ya msingi makazini na ambaye sasa anafanya biashara kati ya Bujumbura, Kigoma na Dubai, aliniletea siga tatu kutoka safari yake. Mbili zilikuwa nyeusi, moja nyeupe. Kabla hatujaketi alikwisha kutoa hukumu: "Mwalimu, hiyo nyeupe waachie wanaojifunza. Mwanamume avute hii." Nikamwomba mwalimu mwenzangu asiyevuta azivue pete, azipe namba, kisha atufunge macho kwa vitambaa, maana hata pete ikiondoka rangi bado inasema. Kila siga tuliikata vipande viwili, mtu na kipande chake. Mjuzi wa siga angelia kuona kisu kile, lakini ndiyo hali ya mshahara wa ualimu.

Namba 2 ilianza kwa ladha ya nyasi kavu. Kisha ikaja ladha ya karanga zilizokaangwa bila chumvi, na utamu kama wa maziwa yaliyochemka. Pilipili manga ilikuwapo kidogo, puani zaidi kuliko kooni. Karibu na mwisho uliingia ukakasi, kama wa ndizi mbivu iliyowahi kuliwa kabla ya siku yake, nami nikaipunguzia alama hapo. Ilivutika bila shida, na mwenzetu aliyekuwa anaona alituambia inaungua sawasawa pande zote, majivu yakishikana. Nikaipa 19 kwa 25 za ladha na 22 kwa 25 za kuungua. Za umbo alizitoa yeye mapema, 13 kwa 15. Hizo ni 54 kwa 65, sawa na asilimia 83. Rafiki yangu aliipa zaidi yangu, akaiweka ya kwanza. Tulipofunguliwa macho, namba 2 ilikuwa ile nyeupe. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akadai kwamba tumezibadilisha.

Jina lake silitaji. Nikilitaja nitakuwa nimeiharibu makala hii yote.

Utaona pia kwamba sikutoa zile 35 za mwisho. Hapo sikubaliani na wenye jarida. Mwalimu akiweka zaidi ya theluthi ya alama za mtihani kwenye kile anachojisikia moyoni, mzazi ana haki ya kuja shuleni kulalamika. Halafu jarida hilohilo huchapa matangazo ya watengenezaji wa siga, kwa hiyo pete nyeupe haifuniki kila kitu. Nina shaka vilevile kwamba mtu anayeonja siga moja baada ya nyingine husisimka zaidi na ile kali, kama msahihishaji aliyechoka anavyozinduliwa na insha yenye maneno makubwa. Siga laini inamtaka mwonjaji mwenye subira. Lakini ule utaratibu wa namba kwanza, jina baadaye, nauchukua wote bila kupunguza.

Maana sokoni kwetu mambo yalikuwa kinyume. Tumbaku yetu haikuwa ya siga. Ilikuwa ya mvuke, ya kwenda viwanda vya sigara. Siku ya soko mitumba ilipangwa kwa mistari kwenye ghala la chama cha msingi. Mteuzi alitangulia, mnunuzi nyuma yake, karani nyuma yao. Mteuzi alichomoa majani machache, akayatazama, akayanusa, akataja daraja kwa herufi na tarakimu: sehemu ya mche, ubora, rangi. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu. Kazi ya miezi mingi, tangu kitalu hadi kuni za bani, iliishia kwenye neno moja. Juu ya mtumba palikuwa na kadi ya mkulima, na mkulima mwenyewe amesimama kando, kofia mkononi. Kila aliyekuwapo alijua huu ni wa mwenyekiti, ule wa mwenyeji, na ule kule mwisho wa mkimbizi.

Msimu mmoja mtumba wa baba yangu ulipewa daraja la chini kabisa. Mzee hakubishana. Aliukataa, akaurudisha nyumbani kwa baiskeli, na hakufungua hata kamba. Soko lililofuata jirani yetu mmoja, mtu aliyeheshimika, akaupeleka kwa kadi yake. Ukapata daraja ambalo mzee hakulipata msimu ule wote kwa jina lake. Fedha waligawana, na ada yangu ya muhula ilitoka humo. Mteuzi alikuwa yuleyule, na jani lilikuwa lilelile.

Waliorudi nyumbani wanalifahamu soko la aina hiyo hata kama hawakulima tumbaku. Sisi wa makazi ya zamani tulioanza kurudi Burundi mwaka 2008 tulikuja na vyeti vya Kiingereza na vichwa vilivyofundishwa kwa Kiswahili, tukaingia kwenye nchi ambayo ofisi zake huandika Kifaransa. Katika ofisi moja karani alisoma jina la shule kwenye cheti changu, akasoma mahali ilipo, akanirudishia kabla macho yake hayajafika kwenye alama. Kule tuliitwa Warundi, huku tukaitwa Watanzania. Ndiyo maana nalionea wivu lile jani la Ecuador. Mbegu yake imetoka kwingine, imekulia kwingine, na wanunuzi hutaja kote kuwili bila kukunja uso. Kukulia chini ya mawingu ya watu hakukuhesabiwa kuwa kasoro.

Nanyi wafanyabiashara wa mpakani mnalijua hili kuliko mimi. Hakuna anayenunua gunia la dagaa kwa kutazama mdomo wake tu. Mkono lazima ufike chini, kwenye mchanga. Ila nimewaona baadhi yenu pale Rumonge mkiuliza mawese yametoka kwa nani kabla hamjayaonja, na bei ikibadilika kwa jibu, si kwa mafuta.

Atakayesema utaratibu wa namba hauwezekani huku kwetu atazame kahawa. Rwanda walifanya mashindano ya Cup of Excellence mwaka 2008, na Burundi ikafanya ya kwanza mwaka 2012. Kahawa humiminwa kwenye vikombe vyenye namba, na waonjaji wa ndani na wa nje huzipa alama bila kujua imetoka kituo gani cha kuoshea wala kwa mkulima gani. Ikiwezekana kwa kikombe, sembuse kwa mtumba?

Ninachopendekeza ni kidogo. Kadi ya mkulima ifunikwe mpaka mteuzi ataje daraja na karani aliandike. Mkulima asisimame kando ya mtumba wake. Akae na wenzake mbele ya ghala, waone wote kwa pamoja. Vigezo vya kila daraja, pamoja na sampuli ya jani lenyewe, vibandikwe ukutani kwa lugha ambayo mkulima anaisoma. Akikataa daraja, mtumba upewe namba mpya, na mteuzi wa pili auangalie bila kuambiwa wa kwanza alisema nini. Kwa vyeti vya waliorudi, wakaguzi waanze na alama, kisha wampe mwalimu darasa la wiki moja wamwone akifundisha, ndipo waulize alisomea wapi.

Gharama yake ni karatasi na gundi, na pengine saa moja zaidi ya siku ya soko. Chama cha msingi kinachotaka kujaribu msimu ujao kianze na mitumba kumi tu: iteuliwe mara mbili, kadi zikiwa wazi na kadi zikiwa zimefunikwa, halafu karani asome madaraja yote mawili kwa sauti mbele ya wakulima.