Msimharakishe Mtoto Katika Kata ya Kwanza

Wazazi wengi wanaowapeleka vijana wao karate huuliza: ataanza lini kupigana? Kwa maoni yangu swali hilo ni la mapema. Tuulize kwanza kama ameiweza Heian Shodan.

Hii ni kata (si ile ya diwani!), yaani mfuatano wa hatua za kujikinga na kushambulia unaofanywa peke yako. Ina hatua 21. Asili yake ni kata za Pinan, ambazo Mwalimu Itosu Anko wa Okinawa, Japani, alizipanga mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Mambo yake ni machache: kufagia pigo la chini kwa mkono, ngumi ya kusonga mbele, kukinga juu, kukinga kwa ubavu wa kiganja, na kugeuka. Suala la kuinama kwa salamu nawaachia masheikh.

Kugeuka ndiko kunakoumiza. Unyayo umeng'ang'ania saruji, kiwiliwili kimeshazunguka, goti linasokotwa katikati. Au kijana anapiga hatua ndefu na goti la mbele linaangukia ndani. Goti lielekee viliko vidole vya mguu, na unyayo ugeuke pamoja na nyonga. Mtoto anayekua akilalamika maumivu chini tu ya pia ya goti, apumzishwe na apelekwe kwa tabibu. Pale kano huvuta mfupa ambao haujakomaa. Asiambiwe "vumilia".

Ustadh hamruhusu mwanafunzi kukimbilia sura ndefu ilhali matamshi ya herufi yamepinda, maana kosa likizoeleka ni tabu kuliondoa. Goti nalo huzoea. Mwalimu anayempandisha mtoto mkanda upesi ili mzazi afurahi na ada iendelee kulipwa, anamdhulumu.

Watu wazima wenye presha wasibane pumzi wanapopiga ngumi, watoe hewa.

Kisha usafi. Karate ni pekupeku, na fangasi husambaa kwenye mikeka ya pamoja. Kucha zikatwe. Baada ya mazoezi mtoto aoshe miguu, apitishe kidole baina ya vidole kama katika udhu, halafu (wengi husahau hapa) aikaushe kabisa kabla ya soksi. Na nguo zile nyeupe zisilale kwenye mfuko mpaka wiki ijayo. Zifuliwe siku hiyo hiyo, zianikwe juani.