Binti anataka kusomea mambo ya sanaa? Shusha fimbo kwanza!

Huku kwetu Kihesa, baridi ya Iringa ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Sweta juu ya sweta, na jiko la mkaa linagombewa kama kiti cha ubunge.

Basi juzi Jumamosi, kaka yangu kanitumia mtoto mbio: "Baba anasema uje, kuna kesi." Nikajua leo kumekucha. Nikavaa koti langu, huyoo, mpaka kwake.

Kesi yenyewe ni ya binti yake mkubwa. Kamaliza Kidato cha Sita, kafaulu vizuri tu, na siku ya matokeo tulichinja jogoo. Sasa umefika wakati wa kuomba chuo. Baba mtu anataka ualimu, mtoto anataka usimamizi wa sanaa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini hapa?"

Kabla hajafungua mdomo, baba yake kadakia: "Mwambie! Mwambie baba yako mdogo kwamba nimelea miti kule Kilolo miaka kumi na miwili ili wewe ukacheze ngoma!"

Hapo wasomaji wangu ndipo penye uchungu. Ile miti ndiyo benki ya kaka yangu. Mkopo wa serikali ukija, uje. Usipokuja, miti inaangushwa. Na mti ukishaangushwa huwezi kuurudisha shambani ukasema samahani, nilikosea kozi. Kwa hiyo nisingeweza kumcheka yule mzee hata kidogo.

Lakini hata mtoto nilitaka nimsikie. Nikamwambia, "Haya mama, jitetee."

Loh! Hakubishana. Kaingia ndani, katoka na daftari.

Hesabu ya Mafinga

Mnakumbuka mwaka jana niliwasimulia habari za kikundi kimoja cha ngoma hapa mtaani kilichoitwa harusini Mafinga? Walilipwa shilingi 400,000. Waliondoka wakiimba, wakarudi wamenuniana. Kila mmoja alipata elfu sita na kitu. Mtaa mzima ukaambiwa mhazini kala pesa. Yule mama wa watu alishindwa hata kwenda sokoni, na kikundi kikafa palepale.

Kumbe binti yetu alikwenda kwa yule mama, akaomba risiti zote, akaandika mwenyewe. Gari kwenda na kurudi, 120,000. Chakula cha watu 14, elfu tano kila mtu, 70,000. Kukodi spika, 80,000. Ngozi za ngoma zilizopasuka, 40,000. Jumla 310,000. Zilizobaki 90,000 ukigawa kwa watu 14, ni elfu sita na mia nne na ushee. Hakuna mwizi! Kosa lao ni kwamba walikubali bei kabla ya kupiga hesabu.

"Baba," kasema kwa adabu, "wale hawakukosa wa kucheza. Walikosa mtu wa kupiga hesabu kabla ya safari, kuandika mkataba na kudai malipo ya awali. Mimi ndiyo kazi ninayotaka kusomea."

Kaka yangu kachukua daftari, kavaa miwani, kapiga hesabu upya mara mbili. Zikatoka zilezile. Kimyaa. Mtu unasikia mkaa tu ukilia.

Si kucheza, ni kuchezesha

Na mimi naomba niseme wazi. Wazazi wengi tukisikia "sanaa" tunaona viuno na vibanda vya kanda. Usimamizi wa sanaa ni kazi ya ofisini na ya jasho: bajeti, mikataba, vibali, matangazo, tiketi, ripoti kwa mfadhili. Ni kujua kwamba Baraza la Sanaa, yaani BASATA, lipo kwa sheria tangu 1984, na kwamba sheria ya hakimiliki ni ya 1999. Msanii asiyeijua sheria hiyo anaweza kuuza wimbo kwa bei ya soda na kuusikia redioni mpaka uzee wake. Huko Marekani na Uingereza mambo haya yameingia vyuo vikuu tangu miaka ya 1960 na 1970. Wala si fani ya jana.

Unadhani jina kubwa linatosha? Tazama Sauti za Busara pale Zanzibar. Tamasha lilianza 2004, likavuma dunia nzima. Lakini mwaka 2016 halikufanyika. Sababu? Fedha hazikutosha. Wanamuziki walikuwepo, Ngome Kongwe ilikuwepo, wapenzi walikuwepo. Likarudi 2017, na halikurudi kwa uchawi. Kuna watu walikaa chini na makaratasi wakatafuta hela.

Hapahapa Iringa mifano ipo. Neema Crafts ilianza 2003 na vijana wachache viziwi wakitengeneza karatasi. Leo ni jina linalojulikana, na walemavu wanakula kwa mikono yao. Makumbusho ya Iringa Boma, katika lile jengo la Wajerumani, yalifunguliwa 2016 kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uliopata fedha za Umoja wa Ulaya. Mradi wa namna hiyo hauandikwi na mcheza ngoma peke yake. Unahitaji mtu anayeijua ngoma na anayejua kuhesabu.

Lakini binti naye asijidanganye

Nikamgeukia mtoto. Nikamwambia, mwanangu, shahada yenye jina hilohilo unalolitaka haijajaa nchini kama maharage. Lazima uizunguke. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho na muziki. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, inatoa cheti na stashahada. Na chuo cha hapahapa Kihesa, ambacho wazee bado tunakiita Tumaini, kimefundisha utamaduni pamoja na utalii. Popote uendapo, ukatafute masomo ya uhasibu na sheria uyaongeze mwenyewe, hata kama wenzako watakucheka.

Kisha nikampa maswali matatu, na wewe msomaji mwenye mtoto wa namna hii yakate uyabandike ukutani. Kwanza: waliomaliza kozi hiyo wako wapi sasa? Usiulize ofisi ya udahili peke yake, watafute wenyewe. Pili: chuo kinakupeleka wapi kwa mafunzo ya vitendo? Kama hakuna tamasha, jumba la makumbusho wala studio utakayoshika kazi, hapo utatoka na karatasi tu. Tatu: kabla ya kufungua chuo, utasimamia kitu gani hapa nyumbani? Hata kwaya. Hata mashindano ya ngoma ya shule ya msingi. Ukishindwa kusimamia kwaya ya watu ishirini, tamasha utaliweza wapi?

Baba mtu kakohoa. Nikajua sasa hukumu inakuja.

"Mimi sijakubali," kasema. "Ila kile kikundi cha Mafinga, kikusanye. Umsafishe yule mama mbele yao, na hizo hesabu zako uwasomee. Wakirudi kucheza pamoja kabla dirisha la kuomba chuo halijafungwa, nitaangusha nusu ya miti. Nusu nyingine naiacha, ikitokea umekosea tuwe na pa kuanzia."

Binti kapiga magoti, kashukuru. Mimi nikaulizia chai.

Jana jioni, wasomaji wangu, nikipita karibu na sokoni, nimesikia ngoma. Haikuwa nzuri sana, walikuwa wameisahau kidogo. Lakini nilihesabu vichwa: kumi na moja. Bado watatu. Na yule mama mhazini alikuwa amekaa mbele kabisa, daftari mapajani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kamwene!