Meseji za pesa zibaki kwenye simu

Kaloleni kama kwingineko, simu iko mfukoni na tableti iko kaunta. Ukishaviunganisha kupitia Google Messages, meseji ikiingia kwenye simu inasomeka pia kwenye tableti. Raha kweli: mteja akilipia nazi hamsini, kijana wa duka anaona bila kukupigia. Lakini sisi tunaona hasara yake ni kubwa kuliko raha.

Tableti ni ya watu wengi. Mchana iko dukani, jioni watoto wanaangalia katuni. Namba ya uthibitisho ikitumwa na benki yako, anayeisoma ni yeyote aliyeishika. Tena mtoto akifuta mazungumzo kule, na kwenye simu yanafutika. Sasa tuseme umetuma pesa za M-Pesa kimakosa kwa mtu wa Mariakani. Meseji ile ile ndiyo unayoituma kwa 456 kuomba zirudishwe. Utaitoa wapi? Na ukichelewa, aliyepokea akishazitoa kwa wakala, kuzipata ni shida.

Fungua programu ya meseji kwenye simu, gusa picha yako pale juu, tafuta vifaa vilivyounganishwa, uiondoe tableti. Fanya hivyo hata kabla ya kuipeleka kwa fundi.

Kijana wa duka je? Akupigie tu, ndiyo, kila mara. Asiamini meseji anayoonyeshwa kwenye simu ya mteja, hata mteja akiwa na haraka ya matatu.