Mikopo ya Simuni na Hesabu Zake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua nyumbani lakini hatulitaji shuleni, nalo ni mikopo ya simuni. Wasomaji wanaoukumbuka mdahalo wa muhula uliopita watashangaa kuniona nimeshika kalamu upande huu. Hoja ilikuwa kwamba fedha za simu zimemletea mwananchi faida kuliko hasara, nami nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono. Tulishinda kwa kura nyingi, nikapigiwa makofi, na jioni ile nilirudi Mbagala nimesimama mlangoni mwa daladala kama waziri.

Sikanushi hata moja katika niliyoyasema siku ile. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na Vodacom wakaileta kwetu mwaka uliofuata. Kabla ya hapo mtu wa Temeke aliyetaka kumpelekea mama yake fedha Songea alikuwa na njia chache: kupanga foleni posta au benki, au kufunga noti katika bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi pale Ubungo, kisha akae akimwomba Mungu. Leo kibanda cha wakala ki kila kona, kutoka Rangi Tatu mpaka Bunju, na fedha hufika kabla mtumaji hajairudisha simu mfukoni. Mwanzoni mtandao mmoja haukusikilizana na mwingine, lakini mwaka 2014 makampuni yakaanza kupatana, na Vodacom nao wakaingia mwaka 2016. Mwaka ule ule wa 2014 Tigo, ambao siku hizi jina lao ni Yas, walianza kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha zao zilizolala benki. Hayo yote niliyataja.

Kadhalika nilimtaja Benjamin Fernandes, Mtanzania mwenzetu, aliyeanzisha NALA mwaka 2017. Kwanza ilikuwa programu ya kumwezesha mtu kutumia fedha za simu bila intaneti. Baadaye akaigeuza iwe ya kuwasaidia ndugu zetu walioko Uingereza, Ulaya na Marekani kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2022 wenye mitaji walimpa dola milioni 10, na mwaka 2024 wakamwongezea milioni 40. Nilipoitaja milioni 40 ukumbi mzima uliguna, na nakiri kwamba niliitaja kwa ajili ya mguno ule.

Msemaji wa upande uliopinga alishikilia tozo ya serikali ya Julai 2021, iliyoanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja. Tukamjibu kwamba ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba mwaka ule ule, ikapunguzwa tena 2022. Akakaa. Juu ya mikopo hakuna aliyesema neno, si wao wala sisi.

Basi sasa niwaeleze yaliyokuwa nyumbani kwetu wakati ule ule nilipokuwa nikipigiwa makofi.

Mama yangu hukaanga samaki na kuwauza jioni. Alfajiri huenda Feri kununua, na mtaji wake ndio huo huo wa jana. Wakati wa masika mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, watu hawatoki, samaki hulala, na mtaji huondoka nao. Ndipo alipoletewa na jirani habari ya programu moja ya mikopo, ambayo sitaitaja jina. Hakuna dhamana, hakuna mdhamini, hakuna kupanda ngazi za ofisi ya mtu. Akaniita. "Mwanangu, njoo unisomee hii, maandishi yake ya Kizungu."

Nami nikaenda kwa majivuno, maana Kiingereza ndilo somo ninalopata alama nzuri kuliko yote. Masharti yalikuwa marefu. Nilisoma mistari minne au mitano, nikaona nimeelewa, nikabonyeza "nakubali". Programu ikauliza kama yaweza kuyasoma majina na namba zilizomo katika simu, nikabonyeza tena. Kidole kilikuwa changu, si cha Mama.

Mkopo ulikuwa shilingi 50,000 kwa siku 7. Zilizoingia zilikuwa 40,000, maana 10,000 zilikatwa papo hapo zikaitwa ada ya huduma. Nilimwambia Mama kwamba riba ni asilimia 20, na ya kwamba si mbaya. Hapo ndipo nilipokosea hesabu ambayo mtoto wa Kidato cha Kwanza angeweza kuifanya kama angeketi na karatasi. Mama hakukopeshwa 50,000. Alikopeshwa 40,000, akatakiwa arudishe 10,000 zaidi. Hiyo ni robo nzima, yaani asilimia 25. Tena si kwa mwaka wala kwa mwezi, bali kwa juma moja. Mwaka una majuma 52. Zidisha mwenyewe, msomaji: ni asilimia 1,300, na hapo sijaweka riba juu ya riba.

Juma lile mvua haikukoma. Siku ya saba ilipofika Mama hakuwa na 50,000, na simu ikaleta habari njema kwamba programu nyingine iko tayari kumpa 80,000. Zikaingia 64,000. Akalipa 50,000 za kwanza, akabakiwa na 14,000 za samaki. Juma lililofuata akakopa 100,000 mahali pa tatu, zikaingia 80,000, zote zikaenda kuzima deni la pili. Hakubakiwa na hata senti. Nilipokuja kuyaandika haya katika daftari niliona jambo la ajabu: katika majuma matatu Mama alikuwa amepata mkononi shilingi 54,000 tu za kufanyia biashara, naye anadaiwa 100,000. Hakununua kitenge wala hakula wali wa kuku. Deni lilikua lenyewe kama mbegu ya boga. Watu wa mitaani hawakukosea walipoiita mikopo hii kausha damu.

Alipochelewa siku mbili, wakaanza. Kwanza walimpigia yeye. Halafu wakawatumia ujumbe watu wote ambao namba zao zilikuwa katika simu: shangazi aliyeko Tandale, muuza mkaa, imamu wetu, na Mwalimu wangu wa darasa. Ujumbe ulisema kwamba mwenye namba hii ni tapeli, amekimbia na fedha za watu, na ya kuwa wao ndio wadhamini wake. Nawaombeni wasomaji mfikiri maana ya neno hilo kwa mwanamke anayeuza chakula mtaani, ambaye watu hula kwake kwa kuuamini mkono wake.

Mwalimu aliniita baada ya vipindi. Nilidhani nimekosa jambo. Alinionyesha ule ujumbe, akaufuta mbele yangu, akasema, "Mwambie Mama namsalimu. Na wewe usikose shule kwa ajili ya hili." Hakuongeza neno, wala hakumwambia mtu. Namshukuru hapa bila kumtaja.

Sasa natoa maoni yangu. Wapo watakaosema kosa ni la mkopaji, aliyekopa alipe. Naam, alipe, na Mama amelipa. Kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu ndicho kilichomwokoa. Kile hutoza shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi, si kidogo, lakini siku ya mvua wanaiona mvua wenyewe, wakamwongezea mwezi. Sidai kwamba vikoba havina ila. Mwaka juzi mtunza sanduku mmoja alihama usiku, na hata leo hajulikani alipo. Lakini hakuna kikoba kilichopata kumtumia imamu ujumbe.

Ninachodai ni hiki: mtu hawezi kuambiwa amekubali jambo lililofichwa asilione. Ada iliyokatwa mbele ni riba iliyovaa kanzu. Kama programu ile ingeandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, "Utapokea 40,000, utalipa 50,000 baada ya siku 7, nayo ni sawa na asilimia 1,300 kwa mwaka," nina hakika hata mimi na majivuno yangu ningeondoa kidole.

Wala sisemi ndoto. Nchi ya India wamelifanya hilo. Wao wameona mengi katika biashara hii. Kampuni iitwayo Paytm, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Bwana Vijay Shekhar Sharma, ilikua kwa kasi isiyo na mfano pale serikali yao ilipozifuta ghafla noti za rupia 500 na 1,000 tarehe 8 Novemba 2016, watu wakaikimbilia simu kwa kukosa noti. Ilipofika Januari 2024 Benki Kuu yao ikaiamuru benki ya kampuni hiyo iache kupokea amana mpya, kwa kutofuata taratibu. Nafikiri hilo ni fundisho kwa sisi tunaoguna tukisikia mamilioni. Lakini hasa ninalotaka kusema ni juu ya mikopo. Huko nako walidhalilishwa watu kama kwetu, na wengine walijiua. Mwezi wa Septemba 2022 Benki Kuu hiyo ilitoa mwongozo: mkopaji apewe karatasi fupi yenye gharama yote kwa mwaka, na programu isiguse orodha ya majina iliyomo katika simu yake. Kenya nayo iliwatungia kanuni wakopeshaji wa simuni mwaka 2022, na mwaka 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data akawatoza faini baadhi yao kwa kuwasumbua watu kwa namna hii hii.

Sisi nasi hatukulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wake kwa wakopeshaji wa kidijiti mwezi wa Agosti 2024, na Novemba ya mwaka huo ikazitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nilipoisoma orodha ile nilizikuta humo mbili katika zile tatu za Mama. Moyo wangu ulifurahi, kisha nikajiuliza: je, jirani yetu aliyetuletea habari ya programu ameiona orodha hii? Hajaiona. Ilitangazwa, lakini haikubandikwa penye kibanda cha wakala, wala soko la Tandika, wala kisimani. Programu ikifungwa leo kwa jina moja, kesho huenda ikarudi kwa jina jingine na rangi nyingine. Orodha peke yake haitoshi kama anayebonyeza hajui hesabu.

Na anayebonyeza ni nani? Ndipo ninapowageukia wanafunzi wenzangu. Katika nyumba nyingi za Mbagala, Charambe na Tandale, anayesoma maandishi ya simu ni sisi. Baba au Mama hushika simu, mtoto wa sekondari ndiye macho. Shuleni tunafundishwa riba katika Hesabu, twapewa Juma aliyeweka shilingi 200,000 benki kwa asilimia 5 kwa miaka mitatu, nasi twapata jibu tukasahau. Sijakutana na Juma huyo Mbagala. Naomba walimu wetu wa Hesabu, kwa heshima zote, watupe pia mama aliyepokea 40,000 akalipa 50,000 kwa siku saba. Hesabu ni ile ile, haihitaji kitabu kipya.

Wazazi nao nawaomba wasione haya kutuuliza, na tukisema "ni sawa tu" kwa haraka, watulazimishe kusoma mpaka mwisho. Mama hakunilaumu hata siku moja. Ningeona nafuu kama angenilaumu.

Wengine watauliza kama sasa nimekuwa adui wa fedha za simu. La. Mama hulipia samaki Feri kwa simu hata leo, kwani ni salama kuliko kutembea na noti usiku wa manane. Shangazi alitutumia mchango wa kulimaliza deni kwa njia hiyo hiyo, kutoka Tandale, bila kupanda daladala. Jambo moja tu limebadilika: kila programu inayotaka ruhusa ya kuyasoma majina, sasa tunainyima, na ikikataa kufanya kazi tunaifuta.

Nimekwisha kumwomba katibu wa chama cha mdahalo aweke hoja ile tena muhula ujao, safari hii juu ya mikopo peke yake. Nami nimemwomba anipe kiti cha upande wa pili.

Mwanafunzi,
Kidato cha Nne