Grainda, Stima na Tumbili wa Gitaru

Haya wasomaji, leo si Java wala PHP. Leo ni chuma.

Kuna karakana ya jamii huku Kariobangi ambako mimi hushinda Jumamosi. Unalipa ada kidogo, unatumia mashine. Ninayoipenda ni grainda ya kusawazisha: kipande kinashikwa na meza ya sumaku, meza inaenda na kurudi, na jiwe juu yake linakwangua chuma kidogo sana kila safari. Ukutani kuna bango: VAA MIWANI. Sawa, vaa. Lakini nina ugomvi na hilo bango.

Piga hesabu. Jiwe la kipenyo cha milimita 200 kwenye mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Matatu za Outering hazifiki hapo (haya, zingine zinafika). Kipande kikichomoka kwa kasi hiyo, miwani inaokoa macho tu.

Mwezi uliopita stima ilipotea nikiwa katikati ya kazi. Sumaku yetu inatumia stima, kwa hivyo ikalegea, na jiwe zito bado linazunguka. Kipande changu kiliruka kikagonga ukuta. Nilipona kwa sababu asubuhi mzee fundi alikuwa amenifokea: "Kijana, toka mbele ya jiwe! Simama kando!" Kisha stima ikarudi, na mashine ikajiwasha yenyewe. Hakuna aliyeigusa.

Sisi waandikaji programu tunalijua kosa hili. Serva ikizima ghafla, hutaki iamke iendelee na malipo kama kwamba hakuna kilichotokea. Na Kenya stima kupotea si ajali, ni ratiba. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kule kituo cha Gitaru, nchi nzima ikakosa stima mchana. Mashine ya hapa iundwe ikimjua tumbili.

Kwa hivyo kabla ya bango lingine, nunueni swichi ambayo stima ikikatika inajifungua, na haiwashi tena mpaka mtu abonyeze. Pesa ikipatikana, wekeni sumaku ya kudumu, ile ya kufungwa kwa wenzo. Haijali stima. (Alumini na shaba haishiki, lakini hata hii ya sasa haishiki. Na kipande kidogo kizungushie vyuma vifupi kukiliko ili kisisukumwe.)

Mengine ni bure. Jiwe jipya ligonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele, zima. Sauti ikiwa imekufa, lina ufa, tupa. Ukishalifunga, liache lizunguke dakika moja ukiwa kando.

Rafiki yangu ananiambia mafundi wa Kamukunji hawana swichi kama hizo na wanafanya kazi. Ni kweli. Siku moja wasalimie kwa mkono uhesabu vidole. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ipo, lakini haishuki kutoka kwenye karatasi kuja kufunga waya.

Swichi nimesema nitachangia, mzee ataifunga. Kwa sasa stima ikipotea nazima kwanza ukutani, halafu ndiyo natafuta kipande changu.